Charles Stepney, fundi wa sauti aliyebaki nyuma ya wengine

Watu wengi hapa kwetu wanaijua Earth, Wind & Fire. Ni orchestre ya Marekani yenye tarumbeta mingi, sauti za juu na kalimba, ile ndugu ya likembe yetu. Lakini ukiuliza nani alisaidia kuzipanga zile sauti wakati orchestre ilianza kupanda, wachache tu watakujibu. Jina lake ni Charles Stepney.

Alizaliwa Chicago, tarehe 26 Mwezi wa Tatu 1931. Alijifunza piano, kiisha akashika na vibrafoni, kile chombo cha vipande vya chuma vinavyopigwa na vijiti. Alipiga jazz kwenye baa za mji ule. Katika miaka ya 1960 akaingia kazini kwa Chess, nyumba ya kutoa disiki iliyojulikana kwa blues ya Muddy Waters na rock ya Chuck Berry. Hapo hakuajiriwa kuimba. Kazi yake ilikuwa kupanga muziki.

Kupanga muziki ni kazi gani? Mwimbaji analeta maneno na sauti ya wimbo. Mpangaji njo anaamua violoni ziingie wapi, tarumbeta zinyamaze wapi, waitikiaji waimbe nini nyuma. Anaandika noti za kila mtu kwenye karatasi. Wimbo ukipita kwenye redio, watu wanamsifu mwimbaji. Mpangaji hata hawamtaji.

Katika miaka ile ile, Marshall Chess, mtoto wa mmoja wa wenye kampuni, alianzisha kundi la Rotary Connection, weusi na wazungu pamoja. Stepney akapewa kazi ya kulijenga. Ndani ya kundi mlikuwa msichana aliyekuwa anapokea wageni kwenye ofisi ya Chess, Minnie Riperton. Sauti yake ilikuwa inapanda juu sana, na Stepney akaitumia kama chombo kimoja cha orchestre. Mwaka 1968 alipanga pia wimbo wa The Dells, Stay in My Corner. Ulipita dakika 6, urefu ambao redio za wakati ule hazikuzoea. Hata hivyo ulifika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya rhythm and blues.

Si kila kitu kilipokelewa vizuri. Mwaka ule ule alishiriki kutengeneza Electric Mud, disiki iliyomvalisha Muddy Waters magitaa yenye kelele za vijana. Wapenzi wengi wa blues walikasirika, wakaona mzee wao ameharibiwa. Miaka mingi baadaye, watu wa hip-hop njo walikuja kuipenda.

Pigo lingine lilikuwa la kimya. Mwaka 1970 ilitoka Come to My Garden, disiki ya kwanza ya Minnie Riperton peke yake. Stepney aliitengeneza kwa uangalifu mkubwa, na leo inahesabiwa kati ya kazi zake bora. Wakati ule haikuuzwa sana.

Lakini kulikuwa mtu mmoja aliyekuwa amemwona akifanya kazi: Maurice White, mpiga ngoma wa pale pale Chess, aliyepiga hata ndani ya disiki ile ya Minnie. White aliunda Earth, Wind & Fire, na ilipofika 1974 akamwita Stepney asaidie. Mwaka 1975 walitoa That's the Way of the World. Ilifika nafasi ya kwanza Marekani. Stepney alikuwa mmoja wa watunzi wa wimbo wenye jina lile, na wa Reasons pia. Aliwasaidia vilevile Ramsey Lewis, Deniece Williams na The Emotions.

Sasa milango yote ilikuwa wazi, ila moyo haukungoja. Tarehe 17 Mwezi wa Tano 1976, Stepney alikufa Chicago kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka 45. Walikuwa bado wanatengeneza disiki ya Spirit. Orchestre ikaimaliza bila yeye, na wakaitoa kwa kumkumbuka.

Mwaka 2022 ilitoka disiki ya kwanza yenye jina lake mwenyewe, Step on Step. Ni kanda alizojirekodia nyumbani, peke yake na vyombo vyake, na zilitoka miaka 46 baada ya kifo chake. Jamaa yake njo waliozitunza. Wangezitupa, ao zingeoza kwenye unyevu, leo tungebaki tu na jina lake kwenye herufi ndogo nyuma ya disiki za wengine.

Na hapa kwetu pia kuko wapangaji: yule anayefundisha kwaya sauti nne, yule anayeweka gitaa na kinanda ndani ya wimbo wa kijana wa kartiye. Ukiwa na kanda zao, zitunze. Na uandike majina yao juu, wangali hai.