Alfonso Corti, munganga aliyefungua mulango wa sikio

Mama mwenye mimba, akiwa Kasungami hapa Lubumbashi ao kule Ulaya, anaweza kusikia mutoto akishituka tumboni wakati mulango unapigwa kwa nguvu. Sehemu ya sikio inayopokea sauti ile ina jina la mutu mumoja: Alfonso Corti.

Alizaliwa tarehe 22 Mwezi wa 6, 1822, Gambarana, karibu na Pavia, katika Italia ya leo. Jamaa yake ilikuwa ya wakubwa wenye mashamba. Alianza masomo ya uganga Pavia, akayamaliza Vienna mwaka wa 1847. Mwaka uliofuata mapinduzi yalitikisa muji huo, akaondoka. Mwaka wa 1850 alifika Würzburg, Ujerumani, katika maabara ya profesa Albert Kölliker.

Kule alipasua masikio ya wanyama wanaonyonyesha. Ndani ya mufupa mugumu kuna kitu kidogo kama punje ya kunde, kilichojizungusha kama nyumba ya konokono. Corti alipaka nyama zake laini rangi nyekundu ili zionekane muzuri kwa mikroskope. Mwaka wa 1851 alichapisha kwa Kifaransa maelezo ya safu za seli alizoziona. Kölliker alikiita kiungo kile kwa jina lake.

Mwaka ule baba yake alikufa, na kisha muda mufupi Corti aliacha uchunguzi. Alioa mwaka wa 1855, lakini bibi yake alikufa mwaka wa 1861, akamuachia watoto wawili. Ugonjwa wa viungo ulimulemaza polepole. Alikufa tarehe 2 Mwezi wa 10, 1876, akiwa mulimaji wa mizabibu.

Wachunguzi waliokuja kisha yeye walionyesha kwamba mutoto wa mutu anaanza kuitika sauti karibu na mwezi wa 6 ao wa 7 wa mimba. Mwana-kondoo pia anasikia mbele ya kuzaliwa. Lakini mutoto wa imbwa ao wa panya anazaliwa masikio yamefungwa, anaanza kusikia karibu na juma la pili.

Seli zile zikikufa, hazioti tena. Streptomisini, sindano ya kifua kikuu, inaweza kumufanya mutoto kuwa kiziwi angali tumboni. Kwa hiyo, mama asikatae matibabu, lakini amujulishe munganga mimba yake mbele ya kupokea dawa yoyote.