Emmanuel Kataliko: askofu aliyeanzisha iniversite Butembo

Wazazi wa Masisi na Walikale wanajua uzito wa mchango wa shule. Kwa miaka mingi wao ndio waliobeba prime ya mwalimu, serikali ikiwa mbali. Askofu Emmanuel Kataliko aliona shida hiyohiyo upande wa Butembo.

Alizaliwa mwaka 1932 katika eneo la Lubero, Kivu ya Kaskazini. Mwaka 1966 akawa askofu wa Butembo-Beni, akaongoza jimbo hilo miaka zaidi ya 30. Wakati ule kijana aliyemaliza sekondari na kutaka iniversite mara nyingi alipaswa kwenda mbali, kama Kisangani, Lubumbashi ao Kinshasa. Mzazi mkulima angetoa wapi franga za safari hiyo?

Mwaka 1989 Kataliko akaanzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, UCG, palepale Butembo. Hakungoja Kinshasa. Aliwategemea watu wa mahali na michango yao, na waliotoa waliweza kuona kwa macho yao kazi iliyofanyika.

Mwaka 1997 alitumwa Bukavu, nafasi ya Askofu Mkuu Munzihirwa aliyeuawa 1996. Noeli ya 1999, ujumbe wake ulilaani vita na unyang'anyi wa mali ya nchi. Februari 2000, waasi wa RCD walimkatalia kurudi Bukavu, akabaki Butembo kama mfungwa wa nje. Alirudi Septemba. Tarehe 4 Oktoba akafariki Roma.

UCG ingali inafundisha. Mtoto wa mkulima anasoma karibu na nyumbani.