Paul Langerhans (1847–1888)

Kila mtahiniwa anayetaja visiwa vya Langerhans katika swali la kongosho anataja jina la mtu aliyeviona akiwa bado mwanafunzi. Paul Langerhans alizaliwa Berlin, Ujerumani. Mwaka 1868, akisomea udaktari, alieleza seli za ngozi ambazo nazo zina jina lake, ingawa yeye alidhani ni za neva. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 21, aliwasilisha tasnifu kuhusu kongosho la sungura. Kwa hadubini aliona vikundi vidogo vya seli vilivyotawanyika, visivyofanana na seli zinazotoa vimeng'enya. Kazi yake hakuijua, wala hakubuni jibu, aliandika alichokiona. (Hiyo ndiyo tofauti ya uchunguzi na hitimisho, ambayo wengi huikosea katika mtihani wa vitendo.)

Kifua kikuu kilimkatizia kazi. Alihamia kisiwa cha Madeira, akafariki huko kabla ya kutimiza miaka 41. Jina la visiwa lilitolewa mwaka 1893 na Mfaransa Laguesse. Insulini, homoni ya visiwa hivyo inayoshusha sukari katika damu, ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921. Januari 1922 alidungwa mvulana wa miaka 14 mwenye kisukari, akapata nafuu.