Frank Hornby

Frank Hornby (Liverpool, 15 Mei 1863 – Maghull, 21 Septemba 1936) alikuwa mvumbuzi, mfanyabiashara na mwanasiasa wa Uingereza. Anajulikana hasa kwa kubuni Meccano, yaani seti ya vipande vya chuma vyenye matundu, ambavyo mtoto huviunganisha kwa bolti na nati ili kuunda madaraja, kreni, magari na mashine nyingine. Hornby mwenyewe hakusomea uhandisi, lakini watoto wa vizazi kadhaa walijifunza misingi ya fani hiyo kupitia mchezo wake.

Maisha ya awali

Hornby alizaliwa Liverpool, mji wa bandari ulioko kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Baba yake, John, alikuwa mfanyabiashara wa vyakula, na mama yake aliitwa Martha. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16, akawa keshia katika biashara ya baba yake. Mwaka 1887 alimwoa Clara Godefroy, mwalimu wa shule. Walipata watoto watatu: Roland, Douglas na Patricia.

Baba yake alipofariki mwaka 1899 biashara ya familia ilifungwa. Hornby akaajiriwa kuwa mtunza hesabu wa David Elliott, aliyekuwa akiagiza nyama kutoka nje ya nchi.

Uvumbuzi

Katika kipindi hicho Hornby alikuwa akiwatengenezea wanawe vitu vya kuchezea kwa kukata mabati nyumbani. Tatizo lilikuwa kwamba kila kipande kilifaa kwa umbo moja tu. Mtoto akitaka kreni baada ya daraja, ilibidi vipande vipya vikatwe.

Suluhisho lake lilikuwa kutoboa vipande vyote matundu ya ukubwa mmoja, yaliyopangwa kwa umbali sawa wa nusu inchi (milimita 12.7). Kwa njia hiyo kipande chochote kiliweza kufungwa kwenye kingine, na matundu hayohayo yalipitisha ekseli za magurudumu na gia. Mtoto aliweza kuunda kreni, akaifungua, kisha akatumia vipande vilevile kujenga daraja.

Januari 1901 alipata hataza ya uvumbuzi huo. Kwa kuwa hakuwa na fedha za gharama zake, alikopa pauni 5 kutoka kwa Elliott. Baadaye mwajiri huyo alimpa chumba cha kufanyia kazi na kuwa mshirika wake.

Meccano

Seti za kwanza ziliuzwa mwaka 1902 kwa jina la Mechanics Made Easy. Kila moja ilikuwa na vipande vya aina 16 na karatasi ya maelekezo ya kuunda vitu 12. Mwaka 1903 ziliuzwa seti 1,500, lakini faida haikupatikana. Faida ya kwanza, nayo ndogo, ilionekana mwaka 1906. Hornby alisaidiwa na barua ya kuunga mkono kutoka kwa Henry Selby Hele-Shaw, profesa wa uhandisi mjini Liverpool.

Jina la Meccano lilisajiliwa mwaka 1907, na mwaka uliofuata kampuni ya Meccano Ltd iliundwa. Mwaka 1914 ilihamia kiwanda kikubwa cha Binns Road, Liverpool. Baadaye viwanda vilifunguliwa pia Ufaransa na Marekani.

Seti hizo hazikuwa rahisi kwa familia maskini. Hata hivyo, zilipangwa kwa namba kuanzia ndogo hadi kubwa, na kati yake ziliuzwa seti za nyongeza. Mzazi aliweza kuanza na seti ndogo, kisha kununua nyongeza ya kuifikisha kwenye namba iliyofuata, bila kutupa kitu. Upungufu mwingine ulikuwa kwamba matangazo yaliwalenga zaidi wavulana.

Mwaka 1916 kampuni ilianzisha gazeti la Meccano Magazine, lililowaeleza vijana habari za ujenzi na mitambo. Mwaka 1920 ilianza kuuza treni ndogo zenye jina la Hornby, na katika miaka ya 1930 magari madogo ya Dinky Toys.

Siasa na kifo

Mwaka 1931 Hornby alichaguliwa kuwa mbunge wa Everton kwa tiketi ya Chama cha Conservative. Aliacha ubunge mwaka 1935 na kufariki mwaka uliofuata, akiwa milionea.

Urithi

Mwaka 1934 Douglas Hartree na Arthur Porter wa Chuo Kikuu cha Manchester walitumia vipande vya Meccano kuunda mashine ya kukokotoa hesabu ngumu za kalkulasi. Ilifanya kazi vizuri kiasi cha kutumika katika utafiti wa kisayansi, ingawa vipande vyake vingi vilikuwa vilevile vilivyouzwa kwa watoto madukani.

Kiwanda cha Binns Road kilifungwa mwaka 1979, wakati ambapo matofali ya plastiki kama Lego yalikuwa yameenea. Jina la Hornby bado linatumika kwa treni ndogo.