Edgar Codd: Mwanahisabati aliyeifundisha kompyuta kutunza daftari

WAHENGA walionya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Onyo hilo halihitaji mkalimani katika Kaunti ya Nyeri, ambako mkulima hupeleka kahawa yake kiwandani, ikapimwa, kisha akangoja malipo kwa miezi kadhaa huku ushahidi wake mkubwa ukiwa maandishi ya karani.

Wahenga hao, hata hivyo, hawakueleza daftari lipangwe namna gani ili liweze kujibu kila swali litakaloulizwa. Katika ulimwengu wa kompyuta, aliyelitafutia jambo hilo jibu lililodumu ni mwanahisabati Edgar Frank Codd, aliyeaga dunia Aprili 18, 2003 akiwa na umri wa miaka 79. Mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta, awe katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi huko Nyeri au ng'ambo, ni vigumu ahitimu bila kukutana na mawazo yake.

Codd alizaliwa Agosti 1923 katika kisiwa cha Portland, kusini mwa Uingereza, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa ngozi na mama yake mwalimu. Alipata ufadhili wa kusomea hisabati na kemia katika Chuo Kikuu cha Oxford, lakini Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikakatiza masomo hayo. Alijiunga na jeshi la wanahewa, akawa rubani, na baada ya vita akarejea Oxford kukamilisha shahada yake.

Mnamo 1948 alihamia Marekani. Kwa muda mfupi aliuza mavazi ya wanaume katika duka la Macy's jijini New York, akafundisha hisabati katika Chuo Kikuu cha Tennessee, kisha mwaka wa 1949 akaajiriwa na kampuni ya IBM kuandika programu. Wakati huo kompyuta moja ilijaza chumba kizima.

Kazi hiyo aliiacha mwaka wa 1953. Seneta Joseph McCarthy alikuwa akiwaandama Wamarekani kwa tuhuma za ukomunisti, na Codd, aliyechukizwa na hali hiyo, alifunganya virago na kuhamia Ottawa, Kanada. Hakuogopa kumwaga unga kwa ajili ya jambo aliloliamini. Alirejea IBM mwaka wa 1957, akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka wa 1965, na baadaye akahamia maabara ya utafiti ya kampuni hiyo mjini San Jose, California.

Ni huko San Jose alikokabiliana na tatizo lililompa jina. Mashirika makubwa yalikuwa yameanza kuhifadhi kumbukumbu zao katika hifadhidata, yaani daftari kubwa la kompyuta, na kulikuwa na aina mbili kuu za mifumo ya kuzisimamia.

Aina ya kwanza ilikuwa mfumo wa ngazi. IBM yenyewe ilikuwa na mfumo kama huo, IMS, uliobuniwa kusaidia kuorodhesha vipuri vya mradi wa Apollo wa kupeleka watu mwezini. Namna unavyofanya kazi inaweza kuelezwa kwa mfano wa chama cha ushirika wa kahawa kule Mathira. Chama kinakaa juu kabisa, chini yake kuna viwanda, chini ya kila kiwanda kuna wakulima, na chini ya kila mkulima kuna mizigo aliyopeleka. Kila kitu kina mzazi mmoja tu.

Swali linaloteremka kutoka juu hadi chini hujibiwa haraka. Lakini mkulima mwenye mashamba mawili, anayepeleka kahawa katika viwanda viwili, hulazimika kuandikwa mara mbili. Akibadilisha akaunti yake ya benki, na rekodi moja irekebishwe huku ya pili ikisahauliwa, malipo yake yataenda mrama.

Aina ya pili ilikuwa mfumo wa mtandao, ulioasisiwa na Charles Bachman katika kampuni ya General Electric mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika mfumo huu, mkulima mmoja anaweza kuunganishwa na viwanda viwili bila kuandikwa upya. Tatizo ni kwamba anayeandika programu sharti azijue njia zote zinazounganisha rekodi, mithili ya mgeni anayetafuta boma kijijini kwa kuelekezwa kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Njia moja ikibadilishwa, programu zilizoitegemea hupotea.

Codd aliona kwamba mifumo yote miwili ilikuwa na kasoro moja. Ilimlazimu mwenye swali kujua kumbukumbu zimepangwaje ndani ya mashine kabla ya kuuliza lolote. Dawa aliyoipendekeza aliichapisha Juni 1970 katika jarida la chama cha wanakompyuta cha Marekani, akitumia nadharia ya seti na mantiki ya kihisabati.

Pendekezo lake, linaloitwa mfumo wa uhusiano, lilikuwa kuweka kila kitu katika majedwali ya kawaida. Chama kile cha Mathira kingekuwa na jedwali la wakulima, jedwali la viwanda na jedwali la mizigo. Jedwali la mizigo lingebeba namba ya mkulima, namba ya kiwanda, tarehe na kilo. Mkulima angeandikwa mara moja tu, hata akiwa na mashamba matano, na namba yake ndiyo ingekuwa kiungo. Mwenye swali angetaja anachokitaka, nayo mashine ingejitafutia njia ya kukipata.

Tofauti hiyo ilikuwa kubwa kuliko inavyoonekana. Tuseme mkaguzi anataka kujua ni wakulima gani waliopeleka kahawa katika viwanda viwili mwezi wa Novemba, ilhali wamelipwa kwa kiwanda kimoja. Ikiwa aliyeunda mfumo hakulitarajia swali hilo, mtaalamu angelazimika kuandika programu mpya. Katika mfumo wa Codd, sentensi moja ingetosha. Uwezo wa kulihoji daftari ulianza kuwatoka mafundi wachache na kuwaendea wenye kulihitaji.

Upinzani mkali ulitoka nyumbani. IBM ilikuwa ikivuna fedha kutokana na IMS, na haikuwa na haraka ya kuunda kitu cha kushindana na bidhaa yake. Wataalamu wengine walidai majedwali yangeifanya kompyuta ijikokote. Mwaka wa 1974, Codd na Bachman walikutana katika mdahalo mjini Ann Arbor, Michigan, kila mmoja akitetea mfumo wake mbele ya wanataaluma wenzao. Codd hakutosheka na midahalo. Aliwaeleza wateja wa IBM manufaa ya wazo lake, nao wakaibana kampuni hiyo.

Hatimaye IBM ilianzisha mradi wa majaribio ulioitwa System R. Ndani yake, Donald Chamberlin na Raymond Boyce walibuni lugha ya kuulizia majedwali ambayo leo inajulikana kama SQL. Codd hakuifurahia kikamilifu, kwa kuwa aliona inakiuka baadhi ya misingi ya nadharia yake. Wakati huo huo, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikuwa wakiunda mfumo wao, Ingres.

Kampuni changa ya Larry Ellison ilisoma matokeo ya utafiti huo yaliyochapishwa, ikauza mfumo wake wa Oracle mwaka wa 1979, kabla ya IBM kuzindua bidhaa yake ya kwanza ya aina hiyo mwaka wa 1981. Sehemu kubwa ya utajiri uliotokana na wazo la Codd iliishia mikononi mwa wengine.

Yeye alipata heshima. Mwaka wa 1981 alitunukiwa Tuzo ya Turing, inayohesabiwa kuwa ya juu zaidi katika sayansi ya kompyuta. Alistaafu IBM mwaka wa 1984, na mwaka uliofuata akachapisha kanuni 12 za kupimia mfumo unaodai kuwa wa uhusiano, baada ya kuona wauzaji wakibandika jina hilo kwa bidhaa zisizolistahili. Kwa kuwa alianza kuhesabu kwa sifuri, kanuni hizo kwa kweli ni 13.

Baada ya kifo chake zimestawi aina nyingine, hasa katika kampuni za intaneti zinazosambaza data katika maelfu ya mashine. Ipo mifumo ya hati, ambamo kila mkulima angekuwa na bahasha yake yenye kila kitu kumhusu. Ipo ya ufunguo na thamani, inayofanana na kuwasilisha kuponi na kukabidhiwa mzigo wako. Ipo pia ya grafu, inayofaa kufuatilia nani ana uhusiano na nani, na ndani yake fikra za Bachman zinasikika upya. Hata IMS ingali inatumika. Lakini penye hesabu za fedha zinazopaswa kuafikiana hadi senti ya mwisho, majedwali ya Codd ndiyo hutangulia kufikiriwa.

Alifariki kwa maradhi ya moyo nyumbani kwake Florida, akaacha mkewe wa pili, Sharon, na watoto wanne wa ndoa ya kwanza.

Wazo lake haliwezi kumzuia karani kuandika kilo pungufu mizani inaposoma nyingine. Ila kilichoandikwa kikiwa kimeandikwa mara moja, mahali pamoja, mkulima anayeuliza hesabu yake hana budi kupewa jibu lile lile anapouliza leo na anapouliza mwakani.