Elmer Keith, mchunga ng'ombe aliyebadili risasi ya bastola

Wengi wetu tuliorejea nyumbani baada ya miaka ya ukimbizi tuliijua bunduki kwa mlio wake tu. Hatukupata nafasi ya kujiuliza ni nani aliyeiunda risasi, tena kwa hesabu gani. Leo tumwangalie mtu mmoja aliyejulikana mno nchini Marekani kwa kazi hiyo, marehemu Elmer Keith. Maisha yake yana funzo hata kwa mtu asiyegusa silaha.

Keith alizaliwa tarehe 8 Machi 1899 huko Hardin, katika jimbo la Missouri. Familia yake ilihamia Montana, na huko Missoula, akiwa bado mtoto, alinusurika katika moto wa nyumba ya wageni. Aliungua vibaya na mkono wake wa kushoto ukaharibika. Hata hivyo, alikua akachunga ng'ombe, akawaongoza wawindaji milimani, na hatimaye akaweka makazi yake Salmon, jimboni Idaho.

Watu wa kule, mbali na maduka, walizoea kujaza risasi wenyewe. Ganda la shaba likishatumika huokotwa, hurudishwa umbo lake katika kalibu, hutiwa fataki mpya na baruti iliyopimwa kwa mizani, kisha hufungwa kwa kichwa cha risasi. Kazi hiyo hufanyika kwa mashine ndogo ya mkono inayokaa juu ya meza.

Katikati ya miaka ya 1920, bastola ya Colt ya .45 ilimpasukia Keith mkononi kwa kujazwa kupita kiasi. Alisalimika. Alipochunguza aliona kuwa kuta za silinda ya .45 ni nyembamba, akahamia bastola ya .44 Special, ambayo kuta zake ni nene zaidi.

Risasi hiyo ilitolewa na Smith & Wesson mwaka 1907. Ilikuwa ile ya zamani ya .44 Russian, iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi la Urusi, ila ganda lake limerefushwa. Viwanda viliijaza kwa upole, kwa kuhofia bastola kuukuu zilizokuwa bado mikononi mwa watu. Keith akabuni kichwa kizito cha risasi, cha gramu 16 hivi, ambacho kalibu yake iliuzwa na kampuni ya Lyman. Akaongeza baruti, akapata nguvu ambayo viwanda havikuthubutu kuiuza. Kwa miaka mingi aliandika magazetini akivitaka viwanda vitoe risasi ya namna hiyo.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Risasi za Keith zilikuwa na ganda lile lile la zile za dukani. Yeye alijua alichotia ndani na bastola gani ingestahimili. Lakini risasi huuzwa, huazimwa na kurithiwa. Mtu mwingine angeweza kuitia katika bastola ya babu yake, ikampasukia usoni. Wafanyabiashara wa mpakani wanalielewa jambo hili: dumu ni lile lile, lakini aliyetia petroli mahali pa mafuta ya taa ameunguza nyumba ya mtu asiyemjua.

Mwishoni mwa mwaka 1955 kilio cha Keith kilisikika. Remington ilitengeneza risasi mpya ya .44 Magnum na Smith & Wesson ikatengeneza bastola yake. Shinikizo ndani ya ganda lilizidi maradufu lile la .44 Special. Jibu la lile tatizo lilikuwa jepesi: ganda lilirefushwa kwa milimita 3 hivi. Kwa urefu huo, Magnum haiingii katika silinda ya Special, ilhali Special huingia katika bastola ya Magnum bila madhara.

Kwa kuwa unene ni ule ule, anayejaza upya aina hizi mbili hutumia mashine moja, kishikio kimoja cha ganda na kalibu zile zile. Hubadilisha tu kimo cha kalibu kufuatana na urefu wa ganda. Kifaa ni kimoja, lakini kipimo cha baruti si kimoja. Ndiyo maana wajazaji makini huweka aina moja tu mezani kwa wakati mmoja, na huandika juu ya kila boksi kilichomo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Keith alikuwa mkaguzi wa silaha katika ghala la jeshi huko Ogden, jimboni Utah. Kitabu chake juu ya bastola kilitoka mwaka 1955, na kile cha maisha yake mwaka 1979. Sinema ya mwaka 1971, Dirty Harry, iliifanya .44 Magnum ijulikane duniani kote. Alifariki tarehe 14 Februari 1984, akiwa na umri wa miaka 84.

Wapo wanaomsifu Keith kwa nguvu ya risasi yake. Sisi tulioona silaha zikipita mkono hata mkono tuna sababu ya kuzisifu zaidi zile milimita 3. Ujuzi wa fundi humlinda fundi mwenyewe. Anayeuza kwa watu asiowajua anapaswa kuuweka ulinzi huo katika bidhaa yenyewe, ili hata asiyejua kusoma asidhurike.