Mwana wa Mjenzi wa Minara: Maisha ya Robert Louis Stevenson



Nyuma ya darasa la Jiografia, ndani ya ua mdogo wa seng'enge, kipo kisanduku cheupe cha mbao kilichosimama juu ya miguu minne. Kila aliyepita shuleni kwetu anakijua. Kuta zake ni vibao vilivyopangwa mshazari, hewa ipite lakini jua lisiingie, na ndani yake hukaa vipimajoto. Zamu yangu ya kusoma vipimo ilikuwa Jumatano saa tatu asubuhi, nami nilijua tu kwamba kinaitwa kisanduku cha Stevenson.

Maktabani nako kulikuwa na kitabu kimoja kilichochakaa, jalada limekwisha kung'oka, ambacho tulikigombania tangu kidato cha kwanza: Kisiwa chenye Hazina. Kwenye ukurasa wake wa mwanzo lilikuwapo jina la mtunzi, Stevenson. Nilikaa shuleni miaka sita nikiyaona majina hayo mawili, na hata siku moja sikuyaunganisha. Kumbe kisanduku alikibuni baba, na kitabu alikitunga mwana. Habari za watu hawa wawili ndizo ninazotaka kuwasimulia mwaka huu, maana zinanihusu mimi, na nadhani zinawahusu wengi wenu.

Robert Louis Stevenson alizaliwa tarehe 13 Novemba 1850 mjini Edinburgh, Uskoti, akiwa mtoto pekee wa Thomas Stevenson na mkewe Margaret. Ukoo wao ulikuwa wa mainjinia wa minara ya taa za bahari. Babu yake, aliyeitwa Robert vile vile, ndiye aliyesimamia ujenzi wa mnara wa Bell Rock uliowashwa mwaka 1811 juu ya mwamba unaofunikwa na maji kila bahari inapojaa. Ami zake walijenga minara. Baba yake alijenga minara, akachunguza nguvu ya mawimbi, akabuni na hicho kisanduku ambacho leo kinatumika katika vituo vya hali ya hewa ulimwenguni kote. Katika nyumba kama hiyo mtoto wa kiume haulizwi atafanya kazi gani.

Walakini mtoto mwenyewe alikuwa mgonjwa. Kifua kilimsumbua tangu utotoni, usiku mwingi aliupitisha akikohoa, na yaya wake, Alison Cunningham, alikesha naye akimsimulia hadithi za Biblia na visa vya kutisha vya Uskoti. Huko kitandani ndiko alikojifunza kusafiri kwa mawazo.

Mwaka 1867 aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea uinjinia. Likizo alipelekwa kwenye kazi za bandari na minara. Aliipenda bahari, aliwapenda mabaharia, lakini mahesabu ya ujenzi hayakumkaa moyoni. Mwaka 1871 alisoma mbele ya chama cha wataalamu wa Uskoti maandishi yake juu ya namna mpya ya kumulika taa ya mnara, na kwa ajili hiyo alipewa nishani ya fedha. Msidhani basi kwamba aliikimbia kazi hiyo kwa kushindwa. Mwaka ule ule, wakitembea pamoja, alimweleza baba yake kwamba hataki kuwa injinia, anataka kuandika. Mzee hakufoka. Aliumia kimya kimya, kisha akaomba walau mwanawe asomee sheria, apate kazi ya kumlisha. Kijana akakubali, na mwaka 1875 akawa wakili. Kesi alizozishughulikia ni chache mno.

Hapa naomba niseme langu. Marehemu Baba alikuwa fundi wa mitambo. Nilipofaulu kidato cha nne alikuwa amekwisha niwekea moyoni mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati. Mimi nikachagua Historia, Kiswahili na Kiingereza. Naye hakufoka. Alinyamaza, na katika kunyamaza kule nyumba nzima ilikuwa nzito. Kwa hiyo nilipokuja kusoma habari za Stevenson nikiwa mtu mzima, niliwaelewa wote wawili, kijana na mzee.

Nyumbani kwa akina Stevenson mambo yalizidi kuwa magumu. Mwaka 1873 baba alimwuliza mwanawe juu ya imani yake, na kijana akajibu kwa kweli kwamba hakuamini tena kama alivyofundishwa. Wazazi, waliokuwa watu wa dini sana, walilichukua jambo lile kama msiba. Kisha, mwaka 1876, huko Ufaransa, kijana alikutana na Fanny Osbourne, mwanamke wa Kimarekani aliyemzidi umri kwa miaka kumi, mwenye mume na watoto. Fanny aliporudi California, Stevenson alimfuata mwaka 1879 bila kuwaaga wazazi. Alivuka bahari katika meli ya wahamiaji, akavuka Marekani kwa gari moshi, akafika hoi. Huko alikaa kwa dhiki na njaa, na ugonjwa nusura umwue. Habari zilipomfikia Thomas Stevenson, mzee yule alipeleka simu kwamba mwanawe ahesabu kupata pauni 250 kwa mwaka. Fanny alikuwa amekwisha pewa talaka, na tarehe 19 Mei 1880 wakaoana mjini San Francisco. Mwaka huo huo wakarudi Uskoti, na mzee akampokea mkwewe vizuri kuliko walivyotazamia.

Sasa tunafika kwenye kitabu chetu. Mwaka 1881, kiangazi kikiisha, ukoo ulikuwa katika nyumba moja huko Braemar, milimani Uskoti. Mvua ilinyesha siku baada ya siku. Lloyd, mtoto wa Fanny, mwenye umri wa miaka 13, alijiliwaza kwa kuchora na rangi, na baba yake wa kambo akaungana naye. Ikatokea ramani ya kisiwa, chenye vilima, ghuba na nanga za merikebu. Stevenson akaitazama ramani, akaona watu wakitokea katika miti yake. Kesho yake alianza kuandika. Kila siku aliandika sura moja, na baada ya chakula akawasomea waliokuwamo nyumbani.

Alidhani anamwandikia mtoto mmoja. Kumbe alikuwa akiwaandikia wawili. Mzee Thomas, injinia mwenye umri wa miaka 63, alisikiliza kama mwanafunzi wa darasa la nne. Ilipofika zamu ya kulifungua kasha la yule baharia mlevi, Billy Bones, ni mzee aliyekaa karibu siku nzima akiorodhesha vitu vilivyomo, na mwanawe akaifuata orodha ile. Jina la merikebu ya zamani ya haramia Flint pia alilitoa yeye. Kwa miaka kumi watu hawa hawakuwa na neno la kuzungumza lisilowaumiza. Sasa walikuwa na kisiwa.

Sura 15 ziliandikwa kwa siku 15, kisha kalamu ikakauka. Kwa majuma kadhaa hakupata hata neno. Alikwenda Davos, Uswisi, mahali walipokwenda wenye maradhi ya mapafu, na huko siku moja akakaa tena mezani, hadithi ikamtiririka, akaimaliza kwa mwendo ule ule wa sura moja kwa siku. Ilitoka kwa mfululizo katika gazeti la vijana kuanzia Oktoba 1881 hadi Januari 1882, kwa jina la kubuni, na ikapita bila kishindo. Ilipotoka kama kitabu mwaka 1883, akalipwa pauni 100, dunia ikaamka.

Kabla ya hapo palitokea mkasa mmoja. Ile ramani ya kwanza ilipotea njiani ilipopelekwa kwa wachapaji. Ikabidi ichorwe upya kwa kufuata yaliyoandikwa kitabuni, na ilichorwa katika ofisi ya baba yake, ofisi ile ile ambayo kijana aliikataa. Na saini ya Kapteni Flint iliyomo katika ramani ile aliighushi Mzee Thomas kwa mkono wake mwenyewe. Wazee wetu wamesema, mwana wa mhunzi asiposana huvuvia. Hapa ilikuwa kinyume: mwana ndiye aliyekuwa akisana, na mhunzi mwenyewe akamvuvia moto.

Wanafunzi ambao hamjakisoma, sitawaharibia. Jim Hawkins, kijana aliyefiwa na baba, anajificha ndani ya pipa la matofaa, anawasikia mabaharia wakipanga kuua, na tangu hapo msomaji hapumui. Uzuri wake mkubwa ni Long John Silver, haramia wa mguu mmoja, mwongo, muuaji, na bado huwezi kumchukia. Stevenson alimpa nguvu za rafiki yake mshairi W. E. Henley, aliyekatwa mguu kwa ugonjwa. Kwa Kiswahili kitabu kilitafsiriwa na Frederick Johnson katika miaka ya 1920. Johnson huyu, aliyekuja kuwa Katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ndiye pia aliyetupatia Mashimo ya Mfalme Sulemani cha H. Rider Haggard. Na Haggard naye aliandika kitabu hicho baada ya kubishana na ndugu yake kama aweza kutunga kitu cha kulingana na Kisiwa chenye Hazina.

Kuanzia mwaka 1884 Stevenson aliishi Bournemouth, kusini mwa Uingereza, mara nyingi kitandani, akitema damu, amekatazwa hata kusema. Nyumba yao baba aliwanunulia, na mwana akaiita Skerryvore, jina la mnara uliojengwa na ami yake Alan. Ndani ya nyumba hiyo, mwaka 1885, aliota ndoto ya kutisha, akaamka akaandika. Mkewe alipoisoma akaikosoa. Stevenson akakasirika, kisha akaona ana haki, akaitupa yote motoni na kuiandika upya kwa siku tatu. Ndiyo hadithi ya Daktari Jekyll na Bwana Hyde, mtu mmoja mwenye wema mchana na uovu usiku. Ilitoka Januari 1886, na katika miezi sita nakala kama 40,000 ziliuzwa Uingereza.

Mei 1887 aliitwa Edinburgh. Baba alikuwa mahututi. Alipofika, mzee hakumtambua tena, na tarehe 8 akafariki. Mwana mwenyewe alikuwa mgonjwa kiasi kwamba daktari alimzuia kwenda mazikoni. Mwezi Agosti aliiacha Uingereza, asirudi tena hata alipokufa.

Alikwenda Marekani, na mwaka 1888 akakodi merikebu akaingia Bahari ya Pasifiki. Joto la huko lilimfaa. Mwisho alinunua shamba Vailima, katika kisiwa cha Upolu, Samoa, akajenga nyumba. Wenyeji walimwita Tusitala, yaani msimulizi. Mwaka 1891 hadithi yake ya chupa yenye jini ilichapwa kwa Kisamoa katika gazeti la misheni, na wageni waliofika Vailima wakawa wanauliza chupa yenyewe imefichwa wapi. Mataifa matatu, Ujerumani, Uingereza na Marekani, yalikuwa yakivigombania visiwa vile, naye akawatetea wenyeji kwa kalamu na kuwatembelea machifu waliofungwa. Walipofunguliwa mwaka 1894, machifu hao walikuja wenyewe wakamtengenezea barabara ya kufika nyumbani kwake, kwa shukrani.

Huko mbali alirudi kwa baba yake. Alianza kuandika historia ya ukoo wake wa mainjinia wa minara. Na riwaya yake ya mwisho, Weir of Hermiston, inahusu jaji mkali na mwanawe wa pekee wasioelewana. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 1894 aliisomesha kwa furaha, mtoto wa kambo Isobel akiandika. Jioni, akimsaidia mkewe kutayarisha chakula, mshipa wa damu ulipasuka kichwani, na usiku ule akafariki. Alikuwa na miaka 44. Wasamoa walifyeka njia hadi juu ya mlima Vaea, wakampandisha mabegani, wakamzika pale panapotazama bahari. Riwaya haikuisha, na sisi hatutajua jaji na mwanawe wangepatana vipi.

Nami nina deni la namna hiyo. Jioni ya mwisho kabla sijaondoka kwenda kidato cha tano, Baba alilichukua tranka langu bila kusema neno, akalichomelea bawaba iliyokatika, akaandika jina langu juu ya kifuniko kwa rangi nyeupe, na chini yake herufi tatu: HKL. Nililiona asubuhi nikiwa na haraka ya basi. Sikumshukuru. Nilidhani ni alama tu ya mzigo usipotee. Alifariki nikiwa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ilinichukua miaka mingi, na saini ya Kapteni Flint, kuelewa alichokuwa ameniandikia.

Basi, wadogo zetu, mkichagua njia ambayo mzazi hakuitaka, ichagueni, lakini itazameni mikono yake. Huenda imekwisha kubali kabla ya mdomo. Nasi wahitimu, ambao sasa ndio tunaoitwa baba, tusingoje rangi itusemee.

Kwa muuza vitabu vya zamani mjini nilipata nakala ya Kisiwa chenye Hazina yenye jalada lake. Nitaileta maktabani siku ya mkutano wetu. Kisanduku cheupe nacho, nimesikia, kinahitaji kupakwa rangi. Atakayekuja na brashi anikute hapo.